Mbegu Mbili, Shamba Moja

Mama mkwe aliitwa Bibi Mawele, na jina hilo hakupewa bure. Kila mavuno, kabla mtu hajagusa shamba, alipita peke yake akichagua masuke yaliyojaa vizuri, akayatundika juu ya moshi wa jiko yawe mbegu ya mwaka ujao. Kikundi chote cha wakulima kilipanda mbegu yake. Basi fikiria ujasiri wa mkamwana wake, aliyerudi kutoka semina ya kilimo na mfuko wa mbegu mpya, akatamka mbele ya watu kwamba hii inazaa zaidi.

Watu waliinamisha vichwa wakingoja moto uwake. Bibi Mawele akacheka.

"Tusibishane, mwanangu. Shamba langu la bondeni, nusu yako, nusu yangu. Tupande siku moja, kila mtu alinde upande wake. Mizani itaamua."

Wakakubaliana: mbegu itakayoshinda ndiyo kikundi kizima kitakayopanda msimu ujao.

Lakini katika kutafuta haki walijikwaa palepale. Mbegu mpya hukomaa mapema. Kuipanda siku moja na ile ya zamani kulifanya iive peke yake, mawele mengine yote bado mabichi, na ndege wote wakawa na meza moja tu ya kula. Mkamwana akaanza kuamia, akiwafukuza kwa kelele na mawe ya kombeo tangu alfajiri. Hajafika mbali akaitwa hospitali: baba yake anapasuliwa. Mumewe alikuwa safarini. Aliondoka roho ikimuuma, akijua atakaporudi atakuta mabua matupu.

Baba alipopata nafuu, mkamwana alirudi na wala hakupitia nyumbani. Bondeni alibaki mdomo wazi. Masuke yake yalikuwa yamevishwa mifuko ya kitambaa, mstari baada ya mstari, na vitambaa vyenyewe alivijua: shuka za maua za mama mkwe, mapazia ya sebuleni, hata gauni ambalo wifi yake alilitafuta mwaka mzima. Katikati alisimama Bibi Mawele, kombeo mkononi, macho mekundu, sauti imekauka.

"Mama! Huu si upande wako."

"Kwani sijui? Wangu bado mbichi, hauna wageni. Mzee anaendeleaje?"

"Hajambo. Lakini ungeacha tu, ungeshinda."

"Hapo wangeshinda ndege, si mimi. Hebu shika kombeo, mkono umekufa ganzi."

Siku ya kupima, kila upande ulipurwa, ukapepetwa, ukapandishwa mizani mbele ya kikundi. Mbegu mpya ilizidi kwa magunia mawili, hapakuwa na la kubishania. Mwenyekiti akakuna kichwa.

"Imeiva peke yake hivi, ndege waliiachaje?"

Mkamwana akafungua mdomo. Mama mkwe akamkanyaga mguu, na alimkanyaga hasa.

Njiani mkamwana alishindwa kuvumilia. "Kwa nini hukutaka niseme?"

"Ungesema, wangenionea huruma. Wangesema maskini Bibi Mawele, tupande tu yake. Halafu watoto wao wale huruma?"

Mkamwana alimtazama yule mama akitembea mbele yake, amechoka, lakini mgongo umenyooka. Miaka yote alikuwa akimheshimu kwa sababu ni lazima, na kumwogopa kidogo. Sasa alimpenda, tena akaona fahari kuolewa katika nyumba yake.

"Na mimi nitapanda hiyo mpya," Bibi Mawele alisema bila kugeuka. "Ila mistari miwili nitaiachia ya zamani. Alinipa mama yangu siku naolewa." Hapo akajifuta macho kwa kiganja.

Mkamwana akaongeza hatua, akamshika mkono.

"Hiyo mistari miwili, mama, nitaiamia mimi."