Juisi ya Mgeni

Wakati wa chakula ulikuwa umeshapita, na Bi Shuka bado anabadilisha foronya. Jina hilo alipewa na wenzake hotelini kwa sababu kitanda akikitandika yeye hukikuti na mkunjo hata wa dawa. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Tangu wahudumu wengine wa vyumba wapunguzwe kazi, sehemu yao alitupiwa yeye, na msimamizi alishasema kwamba mtu hateremki jikoni kula kabla hajamaliza korido yake.

Siku nyingine hubeba karanga, akatafuna akitoka chumba hiki kwenda kile. Leo alipotia mkono mkobani alikuta leso tupu, akajua ni kazi ya binti yake. Binti alimsindikiza kliniki juzi, akamsikia daktari akisema bila kuinua uso, "Sukari yako iko juu, mama. Nakuongezea dozi, na uache kulakula ovyo." Basi binti akalishika neno hilo kiaskari. Asubuhi alimsimamia mpaka akameza vidonge, kisha karanga akazitoa. Yalikuwa mapenzi, tena mapenzi ya kumtoa mtu roho. Kwamba dozi ikiongezwa na tumbo likiachwa tupu sukari huporomoka, hakuna aliyewaambia. Foleni ilikuwa ndefu na daktari alikuwa na haraka zake.

Alipokuwa anavuta shuka la chumba cha mwisho, mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho la baridi likamtoka.

"Imepanda hii," alijisemea, akaenda bafuni kunywa maji. Aliporudi, mlango mmoja aliuona miwili. Akakaa kwenye kitanda cha mgeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

Mwenzake aliyekuwa akipiga deki korido alichungulia.

"Dada, vipi? Mbona umelowa hivyo?"

"Sijui. Nipe hiyo juisi." Mgeni alikuwa ameacha mezani chupa ya juisi iliyofika nusu na pakiti ya biskuti.

"Wee! Na kisukari chako? Unataka kujiua?" Mwenzake aliinyakua chupa, akaificha nyuma ya mgongo.

Bi Shuka akamkumbuka mama mmoja waliyekaa naye benchi moja kliniki, aliyekuwa akitembea na pipi kwenye sidiria. Walimcheka mpaka basi. "Chekeni tu," alisema yule mama. "Siku mkitetemeka na jasho la baridi, mjue imeshuka. Pipi mtaitafuta kwa tochi."

"Imeshuka," Bi Shuka alisema, ulimi mzito. "Nipe, mwenzangu. Nakufa."

Mwenzake hakuwahi kumsikia akiomba kitu. Akampa. Bi Shuka akanywa kwa pupa, nyingine ikimwagikia kifuani na kwenye shuka safi.

Msimamizi aliingia wakati huohuo.

"Kwenye kitanda cha mgeni? Umelewa?"

"Hajalewa, bosi. Ana kisukari, kimembana."

"Kisukari, halafu anakunywa juisi? Mnanifanya mimi mtoto? Kula kitu cha mgeni ni kufukuzwa, na mnajua."

Bi Shuka alitaka kujieleza, maneno yakakataa kupangika. Aliogopa. Nyumba nzima ilikula kwa kazi hii. Aliogopa kuikosa kuliko alivyowahi kuuogopa ugonjwa wenyewe, na hofu hiyo ikamtia uchungu.

"Badilisha shuka ulilochafua, halafu uteremke ofisini," msimamizi alisema. "Haya, simama!"

Bi Shuka hakusimama. Alinyoosha mkono, akaivuta pakiti ya biskuti, akaichana kwa meno.

"Kama ni kunifukuza, nifukuze nikiwa mzima," alisema, mdomo umejaa. "Ngoja nimalize kutafuna."