Wasomaji Wawili wa Meza Moja

Daktari Gunvor Hedlund, msimamizi wa kitengo cha mapitio ya tafiti za afya mjini Umeå, alitazama maamuzi ya wasaidizi wake, wala hakufurahi.

"Tafiti zote hizi, na hamkutofautiana hata mara moja?"

"Tunapatana, Gunvor," alicheka Sixten, mdomo umejaa mkate wa mdalasini. "Ulitaka tutoane macho?"

"Angalau kidogo."

Ylva, msaidizi wa pili, hakucheka. Ijumaa kamati ya dawa ya jimbo ingekutana. Ikiridhika na mapitio yao, dawa ya kuwatuliza wazee wenye maradhi ya kusahau ingeruhusiwa katika nyumba zote za kuwatunzia. Baba yake, Alvar, aliishi katika mojawapo, na hakupumzika. Alitangatanga akimwita mkewe marehemu.

"Mlisomea wapi?" aliuliza Gunvor.

"Kwenye meza ya kahawa," alijibu Ylva. "Mmoja anasoma, mwenzake anatoa maoni, tunaafikiana. Si ndivyo tunavyofanya kila jambo humu?"

"Basi hayo si mapitio ya kimfumo. Ya kimfumo hutaka wasomaji wawili, kila mmoja akiamua peke yake, kwa masharti yaliyowekwa mwanzoni, utafiti upi uingie na upi utoke. Wakipingana, naamua mimi. Ninyi mmefanya mapitio ya simulizi: mmesoma, mkaeleza mlivyoona. Ni kazi halali, lakini haitoshi kuruhusu dawa."

"Tuyaite mapitio ya upeo, basi," alidakia Sixten.

"Hayo huonyesha yaliyokwisha kuandikwa na palipo na pengo. Hayapimi kama dawa yafaa. Usinichezee, kijana."

"Gunvor, baba halali," Ylva alisema. "Nimemwahidi dawa hii."

"Ndiyo maana utasoma peke yako."

Waliirudia kazi katika vyumba viwili, milango imefungwa. Ylva akaufikia utafiti mdogo kuhusu wazee waliopewa dawa ile, wakaanguka na kuvunjika nyonga. Akakumbuka: mezani alisema, "Hawa ni wachache mno," na Sixten akatikisa kichwa kukubali, wakautoa. Lakini masharti yao hayakutaja idadi ya wagonjwa. Safari hii hapakuwa na kichwa cha kumkubalia. Akayasoma masharti tena, kisha akaandika: uingie.

Gunvor alipoyalinganisha maamuzi, Sixten alikuwa ameandika: utoke.

"Kwa nini?"

Sixten aliinamisha uso. "Nilidhani ndivyo Ylva anavyotaka. Kwa ajili ya mzee."

"Unaingia," Gunvor akaamua.

Utafiti ule ulipojumuishwa na nyingine, madhara yaliifunika faida. Ijumaa kamati iliikataa dawa.

Ylva alipiga simu kwenye nyumba ya wazee alimoishi baba yake. Ilikuwa alasiri, na giza la Desemba, ambalo huko kaskazini huwahi, lilikwisha kushuka.

"Anaendeleaje?"

"Anatembea ukumbini, tena mbio!" alilalamika muuguzi. "Miguu yangu imekwisha, dada. Hiyo dawa mliyotuahidi iko wapi?"

"Haiji."

Muuguzi akashusha pumzi. "Sasa tufanyeje?"

"Usimkalishe," alisema Ylva, akivaa koti. "Nakuja kutembea naye."