Kiwanja cha Vidole

Tangu siku wifi yake alipoingia saluni na kisanduku cheupe mkononi, Vidole hakutulia tena. Jina hilo alipewa na wateja kwa wepesi wa mikono yake. Alikuwa msusi, na chumba chake kimoja kilibanwa kati ya duka la vipuri na fundi viatu: viti vitatu vya plastiki, kioo chenye ufa, na feni iliyozunguka ikijisikia.

"Hii ni intaneti ya nyumba nzima," wifi alisema, akikiweka kisanduku kati ya machanuo na makopo ya mafuta. "Unauza kwa bei ya chini kuliko wote. Lakini hela yenyewe haiko kwenye kuuza, iko kwa watu. Ukimwingiza mtu, naye akaingiza wenzake, kila anayelipia kifurushi wewe unapata chako."

"Na mimi nitawatoa wapi hao watu?"

"Wewe tena? Mtu akishakaa kwenye kiti chako hainuki mpaka umemaliza kichwa. Atakukimbiaje, nusu amesukwa nusu hajasukwa?"

Jioni ile mumewe, fundi wa kuchomelea, alikaa akitazama taa za kisanduku zikipepesa. "Sasa ukiniambia umechoshwa na wifi," aliuliza, "nitajuaje kama ni hii au ni dada yangu?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kampuni ilikuwa na ngazi zake: unaanza Mbegu, unakuwa Mche, halafu Mti, na juu kabisa Msitu. Ili Vidole awe Mti alitakiwa kuwa na watu sita wanaolipa, watatu mguu wa kulia na watatu mguu wa kushoto, maana ndivyo walivyoziita pande mbili za watu walio chini yako. Mguu wa kulia ulijaa wateja wake watatu ndani ya wiki mbili. Wa kushoto ulikuwa na mtu mmoja tu.

"Mguu mmoja unatembea, mwingine umekufa ganzi," wifi alimwambia. "Ukande huo."

Akaukanda. Alisuka simu ikiwa mapajani, jicho moja kwenye utosi wa mteja, jingine kwenye ujumbe. Mistari ikaanza kwenda upande. Mteja mmoja alijitazama kiooni, akageuza kichwa huku na huku, akauliza kwa upole kama ndiyo mtindo uliotoka. Wengine walianza kupita ng'ambo ya barabara, wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sarafu iliyoanguka. Nyumbani Vidole alikula amesimama. Mumewe akisimulia ya karakana, yeye alikuwa akiwaza yule bosi wa mumewe angefaa mguu upi.

Huyo mmoja wa mguu wa kushoto alikuwa shangazi yake, mkunga mstaafu. Ndiye aliyempokea Vidole siku anazaliwa, na mama yake alipofariki, ndiye aliyemlea. Alichukua kisanduku ili awaone wanawe walio mbali. Alfajiri picha zilikuja vizuri. Mtaa ukishaamka, nyuso za wanawe ziliganda midomo wazi, naye akabaki kuziongelesha hivyo hivyo. Hakulalamika, hata siku Vidole alipomkuta hivyo. "Ni biashara ya mwanangu," aliwaambia majirani.

Kisha ukaja mkutano mkubwa, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kukodi. Kabla haujaanza, wifi alimvuta Vidole nyuma ya pazia na kumpa karatasi.

"Leo unatangazwa Mti. Utatoa ushuhuda, dakika mbili."

"Mti? Wifi, mimi nina watu wanne."

"Unatangazwa leo, mwezi ujao unakamilisha. Wote tunafanya hivyo."

Vidole alisoma karatasi. "Hapa pameandikwa nina kiwanja. Sina kiwanja."

"Basi tamka, kianze kuja. Panda, wanakuita!"

Alipanda jukwaani na karatasi mkononi. Ukumbi ulikuwa umejaa, na safu ya tatu alikaa shangazi yake katikati ya wakunga wenzake wawili aliokuja nao. Vidole akasema kwamba alikuwa msusi wa kibandani na sasa ana kiwanja. Watu wakalipuka kwa makofi. Yale makofi yakampanda kichwani, akajikuta ameiacha karatasi: kiwanja kiko kwenye mteremko, alisema, mwisho wa lami, kimezungushiwa mawe, na asubuhi jua linakiingia lote. Shangazi alisimama akipiga vigelegele, machozi yanamtiririka.

Vidole aliposhuka, wale wakunga wawili walikuwa tayari kwenye meza ya kujiandikisha.

Nje ya mlango shangazi alimshika mkono. "Twende nikakione."

"Leo, shangazi? Jua kali. Na viatu hivyo…"

"Nitavua viatu. Marehemu mama yako hakujaaliwa kuiona siku hii. Nitaiona kwa macho yangu na yake."

Walipanda gari hadi mwisho wa lami. Njia nzima Vidole alichungulia dirishani akiomba apate mteremko wowote wenye mawe, na kwa bahati mbaya akaupata. Palikuwa na kipande cha ardhi kilichofyekwa, mawe yamepangwa pembeni, hakuna mtu.

"Ni hiki," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Shangazi alivua viatu kweli. Alikipima kwa hatua, akihesabu kwa sauti. Alionyesha jiko litakaa wapi ili moshi usirudi ndani, na chumba gani kitakuwa chake akija kusalimia. Alikuwa kwenye hatua ya kumi na nane, upande wa pili, mwanamke mmoja alipotokea na jembe begani.

"Mnapima nini hapo?"

"Kiwanja cha mwanangu," shangazi alijibu kwa tabasamu.

"Cha nani? Hapa ni kwangu. Haya mawe nimeyabeba mimi, moja moja."

Tabasamu la shangazi likakatika. Alikuwa amepambana na madaktari na waume walevi kwa miaka thelathini, hakuwa mtu wa kusukumwa. "Kumbe ndio nyinyi mnaouzia watu ardhi mara mbili! Mwanangu ametoa jasho lake hapa. Twende kwa mwenyekiti, sasa hivi!"

"Twende!" yule mwanamke akapaza sauti, na jembe akalishusha. Majirani wawili wakatoka kusikiliza. Shangazi alikuwa ameshaanza kupanda njia, miguu mitupu, akimwita mwenzake mwizi mbele za watu.

"Shangazi!" Vidole alimkimbilia. "Shangazi, simama. Ni kiwanja chake. Mimi sina kiwanja."

Shangazi aligeuka polepole. "Hujamaliza kukilipia?"

"Sina. Sijawahi kuwa nacho. Niliandikiwa niseme."

Hakumpiga wala hakumfokea. Alirudi kwa yule mwanamke, akamwomba radhi kwa kila neno alilomtolea, moja baada ya jingine, mbele ya wale wale waliosikia. Kisha akakaa juu ya jiwe kuvaa viatu. Vidole alipoinama kumfungia kamba, aliuondoa mguu.

"Wenzangu wamejiandikisha kwa ajili ya maneno yako," alisema. "Inuka. Tutawakuta."

Waliwakuta. Foleni mezani ilikuwa bado ndefu, na wifi alikuwa akigawa kalamu. Vidole alisimama mbele ya meza akihema, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hana kiwanja, ana watu wanne na si sita, na mmoja wao intaneti yake hukatika kila kukicha.

"Wifi, unaniua," wifi alinong'ona, akimvuta pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unafikiri mimi ni Msitu wa kweli? Nusu ya watu wangu ni majina niliyoyatunga. Vifurushi vyao nalipia mwenyewe nisishushwe ngazi. Nikiacha nitasema nini nyumbani?"

Mkunga mmoja alichukua fomu yake akaichana. Wa pili aliikumbatia ya kwake. "Wewe umeingiwa na woga tu," alimwambia Vidole. "Mimi naendelea." Na akaendelea.

Shangazi aliagana nao wote isipokuwa Vidole. Mlangoni ndipo aliposema, bila kumtazama, "Usije kwangu mpaka uwe umewapitia wale wateja wako watatu, uwaambie ukweli kama ulivyoniambia mimi."

Jumatatu Vidole hakufungua saluni. Alikwenda nyumba ya kwanza ya wale wateja watatu, akabisha.

"Hayupo!" mtu alijibu kutoka ndani.

"Sauti ni yako, dada. Sikuja kuuza kitu."

"Ndivyo mnavyofundishwa kuanza!"

Vidole alikaa kwenye ngazi ya mlango. Upande wa pili wa mlango alisikia kandambili zikija, zikisimama, zikirudi, kisha zikija tena. Komeo likavutwa.

"Haya," mteja alisema, akichungulia kwa jicho moja. "Sema upesi, nina chungu jikoni."