Mvunguni mwa Kitanda cha Mlimani

Usiku wa kuamkia Jumapili, Mwalimu Mkawasi aliota anapanda mlima peke yake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitembea na dada yake mkubwa, Wakio, kila Jumamosi katika vilima vya juu ya Wundanyi, wakienda tu kuona kilichoko upande wa pili. Lakini wiki tatu nyuma, kwenye harusi ya mtoto wa kaka yao, Mkawasi alionja chakula alichopika Wakio akasema mbele ya wageni, "Kwa pilau hii fundi angejenga ukuta."

Meza nzima ikacheka. Wakio akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mkawasi alikuwa naibu mwalimu mkuu, na shingo yake haikupata kuinama mbele ya mtu. Mumewe, Mwachofi, alipomshauri aombe radhi, alimjibu kwamba pilau ilikuwa imeshikana, na ukweli hauombewi radhi.

Basi, katika ndoto, anapanda. Katikati ya njia kimelala kiatu kimoja cha mwanamume, cha kushoto, chali. Kwa kuwa hainami, anakigusa kwa ncha ya mguu.

"Usinisumbue," kiatu kinasema. "Mimi sijapotea. Uliopotea ni mguu."

"Ulipotelea wapi?"

"Ningejua, ningekuwa nimelala hapa?"

Mkawasi anaona hilo ni jibu la haki, anaendelea na safari. Mbele kidogo anakuta miayo miwili imeanguka kwenye nyasi, bado ina joto. Kisha anakuta siri ya jirani yake. Anaisoma yote akiwa wima, halafu anaisukumia jani kwa kiatu chake ili isisomwe na watu wasio na adabu.

Juu kabisa anakuta mlango umelazwa ardhini, una kitasa na kila kitu. Anapiga hodi kwa kisigino.

"Karibu," inajibu sauti kutoka chini.

Mlango unafunguka, naye yuko ofisini kwake shuleni, isipokuwa nyasi za mlimani zimeota hadi kwenye kabati. Nyuma ya meza yake ameketi pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, amevaa tai.

"Keti, Mwalimu."

"Kiti changu umekikalia wewe."

"Basi simama," anasema pimbi na kufungua daftari. "Umekuja kuchukua nini?"

"Sijapoteza kitu."

"Wote husema hivyo." Pimbi analamba kidole, anafunua ukurasa. "Maneno sita. Yaliangushwa harusini saa nane mchana, mbele ya wageni. Yameletwa hapa na mtu anayejikwaa juu yake kila aingiapo jikoni."

"Mtu gani?"

"Dada yako."

Mkawasi hakuwa amefikiri kwamba maneno yale yalikwenda mahali. Alidhani yaliishia pale pale mezani, pamoja na mifupa ya kuku.

"Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," anajitetea.

"Walisema maji. Haya ni maneno. Yako mvunguni."

Anapogeuka, ukuta wa ofisi haupo. Pana msitu wenye ukungu, na katikati ya msitu kitanda cha mbao, kimetandikwa shuka safi. Kimesimama chini mno. Mvunguni mwake mna giza, na gizani kitu kinakohoa.

"Kitanda, inuka kidogo," Mkawasi anaamuru kwa sauti ya darasani.

"Mimi ni kitanda, Mwalimu," kinajibu kwa upole. "Wanaoinuka ni watu."

Anamgeukia pimbi. "Wewe ni mfupi. Ingia unitolee."

"Ningependa sana." Pimbi anamwonyesha kibao kilichopigiliwa mtini. Mwandiko ni wa Mkawasi mwenyewe, ule wa bango la takataka shuleni: KILA MTU AOKOTE ALICHOANGUSHA MWENYEWE. "Sheria si yangu. Na methali unaijua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uliifundisha Jumatano."

"Niliifundisha kama methali."

"Hapa ni kitanda."

Mkawasi anasimama kwa muda mrefu. Anajaribu kuinamisha kichwa tu, halafu bega moja, halafu anauliza kama anaweza kuwakilishwa. Pimbi anatikisa kichwa. Mwishowe shingo inaanza kushuka, ikitoa mlio wa geti lisilotiwa mafuta, na ndege wote wa msitu ule wanaruka kwa hofu. Anapiga magoti kwenye udongo mbichi. Anaingia mvunguni kwa tumbo.

Alitarajia kukuta kitu kikubwa. Anakuta maneno sita yamekonda, yamejikunyata pamoja. "Kwa", ambalo ni dogo kuliko yote, limepakatwa na "ukuta".

"Ni ninyi?" anauliza.

"Ni sisi. Ulitutoa haraka, hatukuwahi hata kuvaa," linasema neno "fundi", ambalo ndilo msemaji wao. "Watu walipocheka tulidhani mambo ni mazuri. Kisha tukamwona dada yako usoni."

Mkawasi anayafunga kwenye kanga yake, taratibu, kama mtu anayebeba mayai. Anatambaa mbele kwa sababu mvungu hauna nafasi ya kugeukia, na anapotokea upande wa pili yuko jikoni kwa Wakio. Dada yake anakoroga sufuria, amempa mgongo.

"Nimeokota kitu, dada."

"Cha nani?"

"Changu."

"Weka hapo mezani. Mikono yangu ina kazi." Wakio anaendelea kukoroga. "Mpishi hakuja siku ile. Sufuria nne, peke yangu, tangu alfajiri. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, nikakoroga kwa wa kushoto."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Sufuria inachemka. Mkawasi bado amepiga magoti, maana hakukumbuka kusimama.

"Samahani, dada."

Wakio anageuka kwa mara ya kwanza. "Na hilo umeliokota wapi?"

"Hilo sikuliokota. Hilo nimekuja nalo mwenyewe."

Hapo akaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Mwachofi alikuwa bado amelala kifudifudi, mto kichwani. Mkawasi alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua simu, akaiweka, akaichukua tena, akampigia Wakio. Ililia mara tano kabla ya kupokewa.

"Nakusikia," alisema Wakio.

"Samahani, dada. Kwa yale niliyosema harusini. Ulikuwa peke yako siku ile. Mpishi hakuja, na mimi nilikaa tu mezani nikisubiri sahani."

"Mkawasi, nani amekwambia habari za mpishi? Sijamwambia mtu. Niliona aibu."

Mkawasi alisikia dada yake akivuta pumzi, halafu akipenga kamasi bila kujificha.

"Haya, njoo," alisema Wakio. "Lakini leo unapika wewe, na mimi ndiye nitakayesema."

"Sema utakalo."

Alipokata simu, Mwachofi alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anakagua shuka.

"Mama Righa," alisema, "kwani ulitoka saa ngapi?"

"Sijatoka."

Mwachofi hakubishana. Alinyoosha kidole tu. Mkawasi akainama kutazama, na shingo haikutoa mlio wowote. Magoti yake yote mawili yalikuwa na udongo mwekundu, mbichi.