Vibati Chini ya Mota

Marehemu mume wangu, mzee Kahiga, alikuwa na kawaida yake. Kila asubuhi kabla ya kusaga, aliwasha kinu chetu cha unga na kuweka kikombe cha chai juu ya mota. Chai ikitulia, anafungulia wateja. Ikitetemeka, anazima stima na kuinama chini na rula yake. Siku hizo Kitengela ilikuwa nyasi tupu. Akina mama wa Kimaasai walikuja na punda wamebeba mahindi, na walipokuwa wakingoja niliwachekesha kwa Kimaa changu cha kuokota.

Mwaka ulipoisha tangu tumzike, tukaita watu wa kanisa kwa maombi. Binti yangu Waithera alitaka pahali pa baba yake pang'ae. Yeye na ndugu yake Bedan wakafungua nati za mota, wakaiinua, wakaisugua, wakaipaka rangi ya bluu, wakaifunga tena. Ilipendeza kweli.

Lakini tangu hapo kinu kikawa kinalia. Mota ilichemka huwezi kugusa, na tokeni za stima zilikuwa zinaisha gunia likiwa katikati. Bedan akachoka, akanijia mimi mama yake.

"Maitu, hii mashine imezeeka. Kesho yule wa vyuma vikuukuu anakuja kuibeba."

"Basi anibebe na mimi."

"Wewe atakupima kwa kilo gani, na vile umekonda?"

Nikacheka, lakini moyo ulikuwa unauma. Sauti ya kile kinu ndiyo ilikuwa imenibakia ya mzee. Nikamwomba Bedan kitu kimoja tu: Mwololo, fundi na rafiki wa baba yake, akiangalie kinu kwanza.

Mwololo alikuja mapema. Akalaza rula juu ya kaplingi, kile kiungo cha mpira kinachoshikanisha shafti, kile chuma kinachozunguka, ya mota na ya kinu. Upande mmoja rula ilikaa vizuri. Upande wa pili mwanga ulikuwa unapita chini yake.

"Hizi shafti haziko laini moja, Mama Bedan. Mota imekaa chini. Stima inaishia kupinda huu mpira na kuchemsha beringi, kusaga kunapata makombo. Kwani hakukuwa na kitu chini ya hii miguu ya mota?"

Waithera akashika mdomo. "Vile vibati? Si nilidhani ni uchafu! Nilitupa."

"Uchafu!" Mwololo akapiga makofi. "Baba yenu alivikata mwenyewe, anapima, anakata tena, mpaka chai inyamaze."

Vilikuwa vimeenda na gari la taka zamani. Nikaingia jikoni, nikamwaga mafuta ya kupikia kwa sufuria, nikaleta mkebe mtupu na mkasi. Waithera akakata, Mwololo akapima, Bedan akakaza nati.

Mtu wa vyuma alifika na pikapu yake tukiwasha. Kinu kikavuma ile sauti ya zamani, nzito, bila kelele. Nikaweka kikombe changu juu ya mota. Chai ikatulia mpaka nikaona mabati ya paa ndani yake.

"Ni hii nabeba?" akauliza.

Bedan aliangalia kikombe, akaweka kiganja juu ya mota, akakiacha hapo.

"Hapana, boss. Rudi na mahindi."