Nyama ya Matanga

Friza yetu kubwa ilikaa gerejini, hapa ugenini Fairfield, na katikati ya mwaka 2021 ilikuwa imejaa ng'ombe mzima. Nyumba nne za wenzetu kanisani zilichanga kumnunua kwa ajili ya kumaliza matanga ya marehemu Balthazar. Korona ilipotufungia ndani, karamu iliahirishwa, na mjane wake, Dévote, akauliza kwenye kikundi cha WhatsApp nyama ihifadhiwe wapi. Nilijibu, wote wakisoma, kwamba iletwe kwangu, maana mimi nina bima.

Sikusema tu ili nisikike. Bima ile niliisoma yote, kamusi ikiwa pembeni, kama nilivyozoea tangu nilipoingia shule ya usiku nikiwa na mvi tayari. Wengi hulipia wasichokisoma. Mimi nilijua kwamba hitilafu ya umeme ikiharibu chakula cha kwenye friza, kampuni hulipa.

Basi umeme wa gereji ukakatika, wa gereji peke yake, na hatukujua mpaka harufu ilipotufuata jikoni. Kasoki, mke wangu, alifungua friza, akaifunga, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Mimi nilitafuta namba ya kampuni. Mungu anisamehe, nilikuwa karibu kufurahi.

"Utawaambia nyama ni ya nani, Baba Ketsia?" Kasoki akauliza.

"Yetu."

"Yetu, mimi na wewe? Au yetu, sisi wote?"

Nilimwambia asinichanganye, nina simu ya kupiga.

Alipokea binti mwenye adabu. Nilimweleza kilichoharibika kwa Kiingereza kilichonyooka, na alipouliza ni cha nani, nikajibu ni chetu, cha familia. Nikasikia vidole vyake vikiandika. Mpaka hapo sikuwa nimesema uongo. Dévote huniita papa, yaani baba, na watoto wa nyumba zote nne hufungua sufuria zangu bila kuomba ruhusa. Kama hiyo si familia, sijui familia ni nini.

Kisha akauliza kama familia hiyo yote inaishi chini ya paa langu.

Kasoki alikuwa amesimama mlangoni sasa, ananitazama. Nikisema ndiyo, ng'ombe wa Balthazar angerudi na hakuna ambaye angejua. Nikisema hapana, Dévote angekosa nyama ya karamu, nami ningekuwa yule mzee aliyejivunia bima huku nyama ya matanga ikiozea gerejini kwake.

"Hapana," nikasema. "Hapa tunaishi wawili. Nyama ni ya wenzetu. Yetu sisi ni sombe na samaki wachache."

Binti akanieleza kwa upole kwamba majani hayo ya muhogo na samaki havifikii kile kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa chochote. Nilimjibu kwamba najua, sehemu hiyo niliisoma. Akanitakia siku njema.

Kasoki alijitolea kumpigia Dévote. Nilikataa, nikampigia mwenyewe, nikamweleza bila kuzunguka. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anajizuia kucheka. Alisema ni nyama yetu sote, kwa hiyo imetuozea sote. Tukifunguliwa, karamu itakuwepo, hata kama ni ya maharage, na Balthazar mwenyewe aliyapenda maharage kuliko nyama.

"Lakini faini ipo, Papa Katembo," akasema. "Siku hiyo hutatoa hotuba."

Hotuba hiyo nilikuwa nikiiandaa tangu mazishi, na ilikuwa na sehemu tatu. Nilimwomba anitoze mbuzi badala yake. Akakataa. Nikaongeza mbuzi wa pili, na hapo Kasoki, aliyekuwa anasafisha friza, akapaza sauti kutoka gerejini kumwambia Dévote asikubali.