Mikono ya Gauni la Mama

Watu walimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, na alipoanza kuimba jina likamkaa kama nguo ya kupimwa. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mwenye gita lililopasuka ubavuni na nyimbo ambazo hata walevi walizijua ubeti kwa ubeti. Studio ilitaka kukusanya kumi na mbili kati ya nyimbo hizo katika albamu moja, pamoja na kijitabu cha kueleza kila wimbo ulitoka wapi. Wakamtuma mhariri wao, binti mpole mwenye miwani, akae naye sebuleni na kinasa sauti.

Kwa siku mbili kazi ilikwenda kama maji ya mteremko. Chiriku alieleza wimbo wa mvua, akaeleza ule aliomtungia marehemu mumewe kabla hajawa mumewe, akafika kwenye ule wa kuku ambao watu wote waliapa kuwa ni wa siasa.

"Andika ukweli," alisema. "Miaka ishirini nimesifiwa kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Yule kuku alikuwa anakula mboga zangu."

Mhariri alicheka hadi akavua miwani.

Wimbo wa saba ulikuwa "Fundi Mkasi". Huo Chiriku hakuhitaji hata kuufikiria. Alikuwa ameueleza jukwaani mara zisizo na idadi, na aliueleza tena vilevile, pamoja na pale pa kunyamaza kidogo ili watu wacheke: mtaani kwao palikuwa na fundi cherehani mwenye mkono mwepesi, mama yake akampelekea kitambaa cha mita tatu, kikarudi gauni lisilo na mikono.

Asubuhi ya tatu mhariri alileta karatasi zilizochapwa. Chiriku akasoma moja baada ya nyingine akitabasamu, mpaka akafika ya saba. Hapo palikuwa na jina la yule fundi, la kwake na la baba yake, na baada ya jina hilo maneno haya: aliyekuwa akiwaibia wateja vitambaa.

"Nimeulizia mtaa wenu wa zamani," mhariri alisema kwa fahari. "Jina la kweli linaipa hadithi uzito. Tukipata na picha yake itapendeza zaidi."

Chiriku hakuinua macho. Miaka thelathini na mitano alikuwa akiyasema maneno hayo, na kila yakitoka yalichukuliwa na vigelegele, yakaenda zao. Sasa yalikuwa yametulia mbele yake, herufi kwa herufi, hayaendi popote.

"Huyu mtu hakuiba," alisema.

"Samahani, mama?"

"Niachie hizi karatasi, mwanangu. Rudi wiki ijayo."

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi kuliko wimbo. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, wiki ileile aliyoalikwa kuimba mara ya kwanza kwenye ukumbi wa shule, mama yake alinunua kitambaa cha kijani, mita tatu, cha kushona gauni la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake. Akamtuma binti yake akipeleke kwa fundi. Chiriku hakuwa na kilemba cha kupandia jukwaani. Aliingia chumbani, akatia komeo, akakata nusu mita na ushee, akakikunja kilichobaki kwa ustadi hata ile ncha iliyokatwa ikajificha ndani.

"Mita tatu," alimwambia fundi.

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Aliitikia kwa kichwa, akakiweka kitambaa kwenye rafu bila kukipima, kwa kuwa mtoto huyo alimfahamu tangu anabebwa mgongoni.

Gauni lilipokosa mikono, mama yake Chiriku alisimama mbele ya duka akasema yote aliyokuwa nayo na mengine ya kuazima. Fundi hakujibizana naye. Alichukua utepe wake wa kupimia, akaunyoosha juu ya meza, akautazama kana kwamba utepe ndio uliokosea. Kisha akasema, "Labda nimekosea mimi, dada."

Mtaa mzima ulichukulia kwamba amekiri. Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Neno moja tu lingetosha. Akalimeza.

Angeishia hapo, lingekuwa kosa la msichana aliyeogopa kipigo. Lakini mwezi mmoja baadaye, kwenye sherehe fulani, watu walitaka wimbo wa kuchekesha, naye hakuwa nao. Akaushika mdomoni uleule mkasa:

*Fundi Mkasi, mkono mwepesi,*
*pima kwa kiasi, kata bila wasi;*
*gauni la mama limekosa mikono,*
*mikono imelala kwa nani huko?*

Ukumbi ulilipuka. Ule mstari wa mwisho haukuwa na maana yoyote. Aliuweka kwa sababu ulikuwa na chumvi. Kufikia mwisho wa mwaka wimbo ulikuwa redioni, watoto wakiuimba kila walipopita dukani, na fundi ambaye zamani aliitwa Fundi tu akawa Fundi Mkasi kwa kila mtu. Chiriku akahamia mjini na umaarufu wake mpya. Mama yake alikufa akiamini kwamba aliibiwa.

Siku nne alikaa na zile karatasi. Siku ya tano alipanda basi la asubuhi akarudi mtaani.

Duka la fundi lilikuwa limegeuka la kinyozi. Kinyozi alimwambia kwamba fundi alifariki miaka tisa iliyopita, ila mkewe bado yupo, nyumba ya pili ukiingia uchochoroni. Alimkuta mwanamke mkongwe ameketi karibu na dirisha, lundo la mashati ya shule pembeni yake, akishona vifungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi yule alimkazia macho, kisha uso ukafunguka. "Wewe si Chiriku? Ingia, mwanangu. Sogeza hayo mashati ukae."

Chiriku akakaa. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kukaribishwa.

"Nimekusubiri miaka mingi," mke wa fundi alisema huku akitia uzi kwenye sindano mara ya kwanza bila kukosea. "Nilisema iko siku nitamshukuru yule binti."

"Kunishukuru kwa lipi, mama?"

"Si wewe uliyenifumbua macho? Mimi nilikuwa mke mjinga, naamini kila ninaloambiwa. Niliposikia 'mikono imelala kwa nani', nikajua watu wanajua kitu ambacho mimi sikijui. Nikapekua duka zima. Sikukiona kitambaa. Kama hakipo dukani wala nyumbani, basi kuna mwanamke anakivaa." Alikata uzi kwa meno. "Nilimuuliza kila siku. Kila siku akaapa. Mwisho akahamishia kitanda dukani. Alilala huko miaka kumi na moja, mpaka alipougua nikamrudisha ndani nimuuguze. Hata hapo sikumwacha. Nilikuwa nikipika huku nauimba wimbo wako, nimkere."

 Chiriku angeweza kuondoka. Angeweza kunywa maji, kupokea shukrani, kuaga, na bibi yule angekufa na amani yake ya uongo kama mama yake alivyokufa na yake. Alilifikiria hilo, na ule urahisi liliomjia nao ndio uliomtisha.

"Mama," alisema, "kitambaa nilikata mimi."

Sindano ikasimama.

"Kabla sijakileta. Nilitaka kilemba. Nikamwambia mzee ni mita tatu, naye akaniamini. Hakukuwa na mwanamke. Yale maneno niliyaweka tu watu wacheke."

Mke wa fundi aliendelea na kifungo chake. Alipitisha sindano mara nne, akafunga fundo, akanyoosha shati, na hapo akaona kifungo amekishona upande wa matundu. Akaanza kukifumua.

"Kiasi gani ulikata?" aliuliza.

"Nusu mita. Na zaidi kidogo."

"Kilemba."

"Ndiyo, mama."

"Alianza kupima kila kitu mara tatu," bibi alisema taratibu. "Mara nne. Shati la siku moja likawa la wiki, wateja wakachoka kungoja. Mimi nikasema dhamira inamsuta. Kumbe alikuwa hauamini tena mkono wake." Akaliweka shati kando. "Ulijua muda wote huu?"

"Nilijua."

"Na mimi sikujua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwimbia."

Chiriku alipiga magoti, akaanza kuomba radhi. Bibi alimkatiza, bila kupaza sauti.

"Inuka. Hiyo radhi si yangu peke yangu kuitoa, na mwenyewe hayupo. Nenda kwanza. Nataka kukaa."

Jioni hiyohiyo Chiriku alimpigia simu mhariri, akamsimulia yote, akataka wimbo wa saba uondolewe. 

"Mama, kuuondoa hakuna tofauti na kuuficha," mhariri alisema. "Watu wataendelea kuuimba, na hawatajua kitu."

 Chiriku aliuacha wimbo ubaki kwenye albamu, akachukua kalamu, akaandika ule ukurasa wa saba kwa mkono wake. Alichana karatasi nyingi, maana kila alipoanza alijikuta ameweka kichekesho. Mwisho akaandika kama mtu anayetoa taarifa polisi: nilikata, nikadanganya, nikatunga, nikapata jina. Akataja jina kamili la fundi, akaandika kwamba alikuwa mwaminifu.

Siku ya uzinduzi aliyasema hayohayo mbele ya watu. Mwanzoni walicheka, wakidhani ni utani wake wa kawaida. Walipoelewa, ukumbi ukapoa, mzee mmoja wa mstari wa mbele akainuka akatoka. Halafu kutoka nyuma mtu mmoja, labda kwa huruma, akaanza kuuimba wimbo wenyewe ili kumfariji, na ukumbi ukampokea. Chiriku alibaki amesimama, viganja juu ya nyuzi, akawaomba waache. Wachache waliacha. Wengine waliimba mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata alirudi uchochoroni na kijitabu. Hakujua kama atafunguliwa. Mke wa fundi alifungua, akampa mkono bila tabasamu, akakipokea kijitabu na kukipapasa jalada.

"Macho yangu ni ya vifungo tu siku hizi," alisema. "Nisomee."

Chiriku akasoma ukurasa wa saba. Sauti ile iliyojaza kumbi ilitoka nyembamba. Alipomaliza, bibi alisema, "Tena, tangu pale penye jina lake." Akasoma tena. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikilifuata jina.

"Hujanisamehe, mama," Chiriku alisema. Hakuwa anauliza.

"Bado. Hata mimi mwenyewe bado sijajisamehe, utanitangulia vipi?" Akanyoosha kidole kuelekea uchochoroni, ambako majirani walikuwa wakianika nguo na kuteka maji. "Fungua huo mlango wote. Hapa ndipo walipomcheka. Usimame kizingitini, usome kwa ile sauti yako ya jukwaani."

Chiriku akaufungua mlango, akasimama kizingitini. Mwanamke aliyekuwa akikamua shuka aligeuka, akauliza kuna nini.

"Tulia usikilize," mke wa fundi alimjibu kutoka ndani. "Ni habari za mume wangu."

Chiriku akavuta pumzi, akaanza kusoma.